Maji ya Moto Chini ya Upenu

Likizo ile ilianza kuharibika kwa kitu kidogo tu: nywele za Naila zilinuka majivu mabichi. Belkisa alikuwa akimchana bintiye asubuhi, karibu na jiko la kuni, na harufu ikampanda puani, ile ya jiko lililozimwa kwa kumwagiwa maji. Akamwosha kwa sabuni, akamkausha kwa taulo, akanusa tena. Harufu ilikuwa pale pale.

"Ulicheza kwenye majivu ya Nana?"

"Sikucheza."

"Mbona unanuka?"

Naila, mtoto wa miaka saba, akamtazama mama yake juu mpaka chini, taratibu, kisha akabetua mdomo. "Kwani wewe unadhani unanukia?"

Belkisa akacheka kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Mdomo ulibetuliwa vile vile na mumewe, Ferhad, kila siku ya Mungu. Mtoto anamwiga baba yake, akajisemea, akazifunga nywele mkia na kumtuma akavae soksi.

Kubeza ndiyo iliyokuwa kazi ya Ferhad. Kazi ya mshahara aliifanya kule Austria, mjini Linz, kwenye ghala la matairi, lakini kubeza alikufanya popote na hakukuchukulia likizo. Kila majira ya baridi, shule zikifungwa, aliwapakia mkewe na bintiye garini akawaleta Sarajevo kwa mama mkwe, halafu akazimaliza siku zote akiwathibitishia kwamba Sarajevo si lolote si chochote. Alikuwa na ratiba. Leo soko la kale, kesho mlimani Trebević, keshokutwa makumbusho. Kila walipofika alisimama mikono mifukoni na kutoa hukumu. Wafua shaba walikuwa wanapiga nyundo ili watalii wawaonee huruma. Makumbusho yalikuwa vumbi la kulipia. Kahawa ilikuwa tope ndani ya kikombe cha mwanasesere. Na mtu huyu alizaliwa mji huo huo, kwenye maghorofa ya ng'ambo ya mto, kwa hiyo watu wa mtaa wa Vratnik, wenye nyumba za zamani na mapaa ya vigae, aliwaona washamba waliosahauliwa kilimani.

Mezani ndiko alikokuwa hodari zaidi. Nana Hajrija, mama yake Belkisa, aliamka alfajiri kukanda unga wa pita, ile mikate ya tabaka yenye vya kujaza ndani, na kuchemsha supu ya kuku na bamia, na Ferhad, kabla hajaonja, alivuta kichupa cha chumvi akanyunyizia sahani nzima, kama manispaa inavyonyunyizia barabara zenye barafu. Miaka tisa Nana alimtazama akifanya hivyo. Belkisa naye alitazama, na usiku alimwomba Mungu ampe mume mpole, au ampe yeye masikio mazito.

Jambo lenyewe lilitokea jioni ya kabla ya asubuhi ile ya nywele. Kwenye pembe ya nyumba, chini ya upenu wa paa, Nana alikuwa na rundo lake la majivu ya jiko, na maji yaliyodondoka kutoka vigaeni yaliganda hapo yakatambaa mpaka kwenye kijia. Ferhad alitoka nje na kiti cha Naila cha kutelezea kwenye theluji, akakanyaga barafu, akaanguka chali mbele ya majirani. Naila akacheka. Jirani mmoja naye akacheka. Ferhad akaingia ndani uso mwekundu, akalinyanyua birika lililokuwa likitokota jikoni, aiyeyushe ile barafu.

Adhana ya magharibi ilikuwa imeanza misikitini chini bondeni. Nana akainuka kochini.

"Mwanangu, ngoja. Maji ya moto hayamwagwi nje saa hizi. Na pale chini ya upenu ndiyo kabisa."

"Kwa nini, mama? Yatapata mafua?"

"Unajua kwa nini, wewe umezaliwa hapa. Basi angalau sema Bismillahi, uwaombe wapishe. Nao wana watoto."

"Wapishe!" Ferhad akamgeukia mkewe. "Belkisa, umemsikia mama yako? Kuna wapangaji kwenye majivu. Nao wamekuja likizo?"

Alijua. Hilo ndilo lililomchefua Belkisa kuliko yote. Hakuna mtoto wa Sarajevo, hata wa maghorofani, asiyejua kwamba giza likiingia hukanyagi chini ya upenu wala juu ya majivu, kwa sababu ndipo wale wengine wasioonekana wanapotandika, na kwamba maji ya moto humwagwa kwa jina la Mungu. Ferhad aliambiwa hayo na bibi yake mwenyewe kabla hajaota meno. Akasimama mlangoni, Naila kando yake, akapaza sauti ili majirani wasikie.

"Haya, takataka nyie! Kaogeni!"

Maji yakatua. *Chiiii*, na mvuke ukapanda mpaka kwenye vigae. Ndani ya sauti ile Belkisa akasikia nyingine, nyembamba, ya mtoto mchanga anayeanza kulia kisha akakatizwa. Ferhad naye aliisikia, maana birika lilisimama hewani.

"Paka," akasema, na kuingia ndani.

Siku ya nywele, ratiba ilisema Trebević. Wakapanda kwa kibanda kinachoning'inia kwenye kamba ya chuma, juu ya misonobari iliyolemewa na theluji, mji ukibaki chini na moshi wake. Naila hakubandika uso kwenye kioo kama mwaka jana. Alikaa ameshika magoti, akautazama mlima, akafyonya.

"Huu ndio mlima wenyewe?"

Ferhad akapiga paja. "Huyo ndiye binti yangu! Ana macho huyu."

Huko juu, kando ya njia ya zege iliyojengewa mashindano ya zamani ya kuteleza, Naila akavua viatu, akavua na soksi. Belkisa akamkimbilia akimfokea, kisha akasimama ghafla. Kila Naila alipokanyaga, theluji iliyeyuka mpaka chini kwenye nyasi nyeusi, na nyayo zake zilitoa mvuke.

"Ferhad, njoo uone."

Ferhad akaona. Akaziangalia nyayo, akamwangalia mkewe, akachagua mkewe. "Unamwacha mtoto peku kwenye theluji halafu unaniita mimi nije nishangae? Mvalishe."

Waliteremka mpaka soko la kale kula. Uwanjani penye kibanda cha mbao chenye bomba la maji, ambako njiwa hawamwogopi hata mbwa, njiwa wote wakaruka pamoja Naila alipoingia, wakakaa mapaani, na hakuna aliyeshuka. Mfua shaba mmoja mzee akaweka nyundo chini, akasoma kitu kimyakimya, akawapa mgongo. Ferhad akasema biashara imemshinda babu wa watu. Ndani ya mgahawa Naila akaonja supu na kuitema juu ya kitambaa cha meza.

"Chumvi!" akasema, na sauti ilikuwa nzito kidogo, ya mtu aliyelala vibaya. "Mnataka kuniua?"

Safari hii Ferhad hakupiga paja.

Jioni ile, adhana ilipoanza, walikuwa wote sebuleni. Birika lilikuwa tupu juu ya rafu. Belkisa aliliona kwa macho yake. Na bado sauti ikatoka ukutani, *chiiii*, ikapita juu ya kochi, na Naila akapiga ukelele ambao Belkisa hakuwahi kuusikia hata siku alipomzaa. Walipoinua sweta wakakuta malengelenge mapya yanateremka kutoka begani, membamba na mekundu, yakifuata njia ambayo maji hufuata yakimwagwa juu ya mgongo.

Daktari wa zamu hospitalini alisafisha, akafunga bendeji, akamtazama Belkisa kwa jicho la shaka.

"Nani alimwagia mtoto maji ya moto?"

"Hakuna aliyemmwagia."

"Mama, mimi si mjinga. Yamejimwaga yenyewe?"

Ferhad, mume wake wa ndoa, akapandisha mabega. "Nilikuwa nasoma habari kwenye simu. Muulize yeye."

Kesho yake makumbusho hayakutajwa. Nana aliifunga nyumba nzima, akasoma alichokijua, akanyunyiza chumvi vizingitini, maana wale wengine hawaivuki, na Ferhad akaifagia kwa mguu akisema sakafu inakwaruzika. Saa za mchana zilikwenda mbio kama zinavyokwenda majira ya baridi, mara jua limefika juu ya kilima, mara kilima kimelimeza, na Belkisa alikaa amempakata bintiye kitandani, akilisikiliza bonde, akitamani muadhini apatwe na kikohozi, ashindwe, anyamaze siku moja tu, huku harufu ya majivu ikipanda kutoka kwenye godoro, kutoka kwenye mto, kutoka kwenye pumzi ya mtoto mwenyewe, mpaka sauti ya kwanza ilipoinuka kule chini na ukuta ukajibu *chiiii*, na chini ya bendeji ngozi ikaanza kutokota polepole, mbele ya macho yake, ikiteremka kuelekea kiunoni, bila tone la maji mahali popote.

Naila hakulia. Alifumbua macho, na aliyemtazama Belkisa hakuwa Naila.

"Wa kwangu alikuwa amelala," mdomo wa mtoto ukasema, kwa sauti ya mwanamke aliyechoka. "Majivu yalikuwa na joto, nikamlaza hapo. Wenu naye atalala hivyo hivyo. Kiuno ndicho hiki. Bado miguu. Uso nimeuweka mwisho."

Belkisa akanong'ona, "Unataka nini? Sema. Nitakupa."

"Wewe huna changu. Yule mwenye mdomo anacho. Mwite aje aseme nimekosa. Tuone kama mdomo wake unajua neno hilo." Kikafuata kicheko kifupi cha dharau. "Haujui."

Ferhad alikuwa mlangoni. Rangi yote ilikuwa imemtoka. Kwa muda mfupi Belkisa aliona kwamba ameelewa kila kitu, na kwamba angeweza kupiga magoti pale pale likaisha. Kisha akajikohoza, akairudisha sura yake mahali pake.

"Naila, acha upuuzi. Umeangalia katuni sana."

Siku iliyofuata, mchana, Nana alivaa koti akashuka mtaa wa pili, akarudi na Bi Rukija, mama wa kumwaga risasi iliyoyeyushwa, aisome imwonyeshe kilichompata mtu. Alikuwa mpishi wa shule aliyestaafu, mnene, mwenye kofia ya sufu ya zambarau na sigara mdomoni. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na mwiko wa chuma, kipande cha risasi ya kuyeyusha na shuka jekundu. Kazi hiyo aliachiwa na mama yake, na huko Sarajevo hata wanaocheka mchana humgongea mlango jioni.

"Ninyi ndio wa Linz?" akauliza, akimkagua Ferhad kuanzia viatu. "Watu wa matairi."

"Na wewe ndiye mganga? Nilidhani umekuja kusoma mita ya umeme."

"Umeme sijui. Wewe nakujua." Akaizima sigara. "Mketisheni mtoto."

Wakamketisha Naila katikati ya chumba wakamfunika lile shuka. Bi Rukija aliyeyusha risasi jikoni, akaja nayo ikitetemeka kwenye mwiko kama kioo, na Nana akashika bakuli la maji baridi juu ya kichwa cha mtoto. Risasi ikaingia majini. Ikalipuka. Ilipotolewa ilikuwa sindano tupu, zimesimama pande zote. Bi Rukija akaigeuza mkononi kwa muda mrefu, na alipozungumza hakuwa na mzaha tena.

"Amechomwa mtoto wao. Nani alimwaga?"

Nana na Belkisa wakamgeukia Ferhad.

"Kaa hapa, baba, chini ya shuka na mwanao. Useme, nisameheni, nilikosa. Basi. Sitaki ulie, sitaki ufunge. Maneno hayo tu, kabla ya adhana."

"Mimi?" Ferhad akacheka, akiwatazama mmoja mmoja atafute mwenzake wa kucheka naye. "Niombe radhi rundo la majivu?"

"Ferhad," Belkisa akasema. "Leo ni miguu. Kesho ni uso. Tafadhali. Ni maneno tu."

"Mwanangu ameungua kwa sababu mama yake hana akili ya kumtazama. Hayo ndiyo maneno. Nikirudi Linz nitamtafutia daktari wa kweli, nyie endeleeni na mapishi yenu."

Belkisa akamtazama mumewe. Kwa miaka mingi alimwogopa, na mbele za watu alimwonea aibu. Sasa vyote viwili viliondoka, ikabaki dharau peke yake. Aliona mtu mzima anayeng'ang'ania mdomo wake huku mtoto anachomwa. Akavua viatu vya ndani, akainua shuka, akaingia.

Chini ya shuka kulikuwa na giza jekundu na joto la tanuri, na Naila alikuwa akitetemeka, na nyuma ya Naila, karibu kabisa, palikuwa na mtu wa tatu aliyepumua majivu, na kule bondeni adhana ikaanza, na Belkisa akamkumbatia bintiye akasema nisameheni, tulikosa, mtoto wako alikuwa amelala nasi tulimwona si kitu, nisameheni kwa niaba ya yule aliyemwaga, mimi ni mama nawe ni mama, akasema tena na tena huku risasi ikipiga kelele juu ya kichwa chake, *chiiii*, mpaka akahisi uzito mdogo, uzito wa mtoto mchanga, ukipita juu ya mapaja yake, ukisita hapo kidogo, kisha ukaondoka.

"Mama," Naila akasema kwa sauti yake. "Nina njaa."

Risasi ya mwisho ilitoka laini. Nana aliangua kilio, akamkumbatia mjukuu wake bila kugusa mgongo. Bi Rukija akawasha sigara nyingine.

"Wa kwenu ameachiwa," akasema. "Lakini hii ni radhi ya kuazima. Aliyekosa hajasema kitu. Asikaribie ile pembe mpaka aseme. Na haya maji yapelekwe mtoni, yamwagwe kwa Bismillahi, na risasi izamishwe humo humo. Mtoni, siyo mahali pengine. Ndani ya maji haya kuna hasira yote iliyotoka."

"Lete nimwage mimi," Ferhad akasema, akimnyang'anya bakuli. "Nipate na hewa. Humu mnanuka uzee."

Mto Miljacka ulikuwa chini kabisa ya kilima, na theluji ilikuwa imeanza upya. Belkisa alikwenda dirishani. Alimwona mumewe akisimama kwenye ngazi, akiitazama barabara inayoteremka, akikunja kola ya koti. Alimwona akibetua mdomo. Kisha akageuka, akaenda kwenye pembe ya nyumba, chini ya upenu.

Mkono wa Belkisa ulikuwa tayari kwenye kitasa cha dirisha. Kukizungusha tu, na kuita jina. Ferhad angemsikia, hakuwa mbali. Mkono haukusogea.

Maji ya bakuli yalikuwa baridi, na bado yalipotua juu ya majivu yalisema *chiiii*.

Ferhad alisimama ameipa nyumba mgongo, theluji ikimjaa mabegani. Alikaa hivyo muda mrefu. Halafu akainama, taratibu, akaingiza mikono yote miwili ndani ya majivu, akainuka na kitu ambacho Belkisa hakukiona, akakiweka kwenye mkono wake wa kushoto, akakifunika na ubavu wa koti.

Alipoingia alivua viatu mlangoni akavipanga sawasawa, ncha zikitazama nje. Hakuwahi kufanya hivyo.

"Nisameheni, nimewachelewesha," akasema kwa upole. Bi Rukija, aliyekuwa anafunga mkoba, akamtazama usoni, akaichukua kofia yake, akaondoka bila kuaga wala kupokea kahawa.

Nana alitandika meza. Supu ya kuku na bamia, pita ya viazi, mtindi. Ferhad akaketi, mkono wa kushoto umekunjwa kifuani, akavuta sahani kwa mkono wa kulia. Hakugusa kichupa cha chumvi. Akaonja.

"Mama, Mungu aibariki mikono yako," akasema. "Sijawahi kula supu tamu hivi."

Nana alibaki na mwiko hewani. Miaka tisa. Machozi yakamlengalenga, akamwongezea supu, akamwongezea na pita. Ferhad akashukuru tena. Akachota kijiko, akakipuliza, akakipuliza mpaka kikaacha kabisa kutoa mvuke, kisha akakishusha polepole chini ya ukingo wa meza, kuelekea ule mkono uliokunjwa, akakiinamisha. Kikarudi kikiwa kitupu.

Naila akamvuta mama yake mkono.

"Mama," akanong'ona. "Baba ananuka majivu."

Ferhad akainua macho kutoka ng'ambo ya meza na kumtabasamia mkewe, tabasamu la adabu na la kusubiri. Macho yalikuwa yamechoka, na hayakuwa ya Ferhad.

"Kula, mwanangu," Belkisa akasema. Akanyoosha mkono, akachukua kichupa cha chumvi, akakipeleka kabatini, rafu ya juu kabisa, na kufunga mlango wake kwa ufunguo.